Karibu Niuze CPU ya Mathe

Wiki jana nilibaki kidogo tu niuze CPU ya mathe kwa elfu mbili.

Ni ile aliyokuwa anatumia kwenye saiba yake Kangemi kabla aifunge. HP ya ofisi, nzito kama jiwe la kusagia, na ndiyo nahariria video zangu. Monita yake ya zamani ilipozima, nikanunua nyingine, yenye tundu la HDMI pekee. Nyuma ya CPU kuna VGA, ile ya bluu yenye matundu 15. Nikashuka tao, Luthuli, nikaitisha adapta ya "HDMI na VGA," nikapewa, nikalipa. Kufika nyumbani, skrini nyeusi tii.

Nikarudi. Jamaa wa duka, CPU hata hajaiona: "Boss, hiyo mashine imezeeka. Ilete nikupe elfu mbili, uongeze uchukue laptop." Na vile nilikuwa na video ya mteja ya Jumatatu, moyoni nilishakubali.

Mathe akauliza swali moja. "Huyo aliyesema imekufa, aliifungua?"

Ndio nikaketi nikasoma. Kumbe adapta hizi zina upande! VGA, ambayo ilikuja na kompyuta za IBM 1987, hutuma picha kama umeme unaopanda na kushuka. HDMI hutuma tarakimu. Ile niliyouziwa ina chipu ya kugeuza tarakimu ziwe VGA, yaani ni ya mtu mwenye laptop mpya na monita ya zamani. Mimi ni kinyume. Ya kwangu ingekuwa ya VGA kwenda HDMI, na hiyo kawaida ina waya wa USB wa kuvuta moto.

Hata hiyo sikununua. Kando ya VGA, chini ya vumbi la miaka, kulikuwa na tundu lenye kona moja iliyokatwa: DisplayPort. Kwenye hizi mashine za ofisi, mara nyingi tundu hilo linaweza kutoa HDMI pia, kwa hivyo waya wa DisplayPort kwenda HDMI ukatosha. (Nao una upande, usije ukaugeuza.) Picha ikatoka 1920 kwa 1080, safi.

Kwa hivyo msee, kabla upande mat, piga picha nyuma ya CPU na nyuma ya monita. Fika dukani useme picha inatoka wapi, inaenda wapi.

Mteja alipata video Jumapili usiku. Mathe naye ameanza kuulizia kodi ya CPU yake.