Maganda Kumi na Manne

Likizo iliyopita nilipanda nyumbani, Pare Kusini, kwa ajili ya kikao cha ukoo kuhusu kihamba. Kikao kiliisha mapema kuliko tulivyotarajia (jambo la nadra kwetu), na baba mdogo akanitolea kopo la kahawa lenye kutu ambalo marehemu babu alilihifadhi juu ya dari. Ndani mlikuwa na maganda kumi na manne ya risasi. Babu aliyaokota enzi za utoto wake akichunga mbuzi huko bondeni, kati ya Hedaru na Mkomazi, kandokando ya reli. Baba mdogo alikuwa ameshazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba anipe siku mbili.

Niliyaosha kwa ndimu na majivu. Weusi ulipotoka ikajitokeza shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki kwa kadiri ya sehemu saba kwa tatu. Manane yalikuwa na ukingo uliotokeza kwenye kitako. Hayo ni ya bunduki ya Kiingereza. Matano hayakuwa na ukingo bali mfuo uliozunguka kitako. Hayo ni ya Mauser ya Kijerumani. Moja lilikuwa nene na zito kupita yote, la mtutu wa milimita 11, la bunduki ya muundo wa 1871 ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado wanaitumia vita ilipoanza mwaka 1914. Baruti yake ilitoa moshi mzito, na aliyefyatua alijionyesha mwenyewe kwa adui.

Siku ya pili niliteremka Same mjini kwa sonara mmoja mwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Nilikuwa na sababu. Walenga shabaha wa Ulaya na Marekani wanaojaza upya maganda yao, kwa leseni na kwa mujibu wa sheria za kwao, huyapima moja moja na kuyatenga kwa uzito. Hoja yao ni kwamba maganda ya aina moja huchukua umbo la nje lililo sawa, kwa kuwa yote hutanuka na kukumbatia chemba ileile ya bunduki. Basi likiwa zito zaidi, huenda kuta zake ni nene zaidi, na nafasi ya ndani ni ndogo zaidi. Baruti ileile ikiwaka katika nafasi finyu, mgandamizo hupanda, mwendo wa risasi hubadilika, na huko mbali shabaha huhama. Wako wanaosema huo ni upotezaji wa muda. Nami nilitaka kujionea.

Maganda manane ya Kiingereza, saba kati yake yakiwa na alama za kiwanda kimoja na mwaka 1915, yalikuwa kati ya gramu 10.7 na 11.4. Ya Kijerumani yalisoma kati ya 11.3 na 11.9. Hesabu hizi zisichukuliwe kama za maabara: maganda yamelala ardhini muda mrefu, mawili yalibonyea, na yote yalikuwa bado na vikombe vya fataki kwenye vitako. Hata hivyo nikayajaza maji kwa bomba la sindano, nikapima tena. Shaba ya manjano ni nzito kuliko maji takribani mara nane na nusu. Kwa hiyo tofauti ya gramu 0.7 za shaba ingepaswa kuonekana kama tofauti ya gramu 0.08 za maji. Kwa maganda mengi ilionekana hivyo, karibu kabisa. Lakini moja lililokuwa zito lilibeba maji sawasawa na jepesi kuliko yote. Uzito wake wa ziada ulikuwa katika ukingo wa kitako, mahali pasipopunguza nafasi ya ndani hata kidogo. Nadhani hapo ndipo wanaobishana wote wanapopata haki yao: mizani hukuambia kuna shaba kiasi gani, haikuambii imekaa wapi. Anayetaka kujua nafasi ya ndani hana budi kupima maji.

Sonara alikuwa akinitazama kwa huruma. Baba mdogo hakuwa na huruma hiyo. "Daktari," akasema, "umesoma kote huko ili uje kupima vyuma chakavu?" Kisha, kwa kuwa ni mkulima wa tangawizi, akaongeza kwamba laiti mnunuzi wa tangawizi angekuwa na mizani kama ile badala ya kudai lumbesa, yeye mwenyewe asingekuwa anauza kopo la baba yake. Sikuwa na jibu.

Tukiwa kwenye basi kurudi mlimani ndipo nilipofanya hesabu nyingine. Risasi kamili ya Kiingereza ya wakati ule, ganda, baruti na risasi yenyewe, ina uzito wa gramu 25 hivi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Basi mzigo mmoja, tukiliacha sanduku, ni risasi 1,000.

Baba yake babu alikuwa mpagazi. Katika ukoo wetu husimuliwa kwamba alichukuliwa kwanza na Wajerumani, akatoroka, kisha akachukuliwa na Waingereza walipoteremka na reli mwezi Mei 1916 chini ya Jenerali Smuts. Safu moja ilifuata reli, nyingine ikapenya katika pengo la Ngulu, kati ya Pare Kaskazini na Pare Kusini. Mwisho wa mwezi ule walikuwa wamefika Buiko. Wajerumani walirudi nyuma wakibomoa reli, na reli ikibomolewa, ni kichwa cha mtu kinachobeba. Alikwenda nao kuelekea Handeni. Hakurudi. Babu alikuwa bado mgongoni mwa mama yake.

Msomaji anayeishi Dar es Salaam hupita Kariakoo kila siku, na jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 imeshika bunduki yenye singe. Ile ya Nairobi walau ina mpagazi miongoni mwa watu wake watatu. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanakaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa, wala si kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa ilisema idadi hiyo huenda ikafika 350,000.

Nililirudia lile ganda la gramu 10.7. Kitakoni lina herufi ya kiwanda, lina mwaka, lina alama ya muundo. Mtu wa Birmingham alihakikisha kwamba kipande hiki cha shaba, kitakachotumika mara moja na kutupwa porini, kinaweza kufuatiliwa hadi mahali kilipozaliwa. Aliyekibeba kichwani hakuandikiwa hata hayo. Na tusiwasingizie wakoloni peke yao. Tangu uhuru tumekuwa na zaidi ya miaka 60 ya kuwauliza wazee wetu majina, nami mwenye shahada tatu nilisubiri mpaka kopo lilipotaka kuuzwa.

Maganda yote kumi na manne hayafiki robo kilo. Nilimlipa baba mdogo zaidi ya ambavyo mnunuzi angempa, akapokea bila kunitazama, kisha akaniuliza kama nina kalamu. Tukaandika kwenye kipande cha karatasi jina la baba yake babu, na la baba yake, na la kijiji. Mwaka wa kuzaliwa hatuujui. Mwaka wa kufa baba mdogo alisema 1916, mimi nikasema huenda ni 1917, kwa sababu kutoka Handeni waliendelea hadi Rufiji. Tukaacha nafasi wazi, tukakunja karatasi, tukaitia ndani ya kopo pamoja na maganda, nalo likarudi darini.