SEHEMU YA 5: Bibi akianza kusahau, usikimbilie kusema "ni uzee"

Leo naongea na wewe unayeishi na mama au mkwe nyumbani, yule anayekubakia na mtoto ukienda kazini.

Mama yangu alianza kwa kuunguza sufuria. Baadaye ananiuliza mara tatu kama mjukuu ameshakula. Tukacheka, tukasema ni uzee. Na mimi nesi nikasema hivyo hivyo! Mpaka siku aliponiambia miguu inachoma na kufa ganzi ndipo nikashtuka. Mama ana miaka 8 anameza metformini ya sukari, na nyama na maziwa alishaacha, ni ugali na mchicha tu. Tukampima: vitamini B12 iko chini kabisa.

Iko hivi. Mwilini kuna kitu kinaitwa homosisteini. B12, foleti na B6 ndizo zinazokigeuza kiwe na faida. Zikipungua, kinajaa kwenye damu, na wazee wenye kiwango kikubwa huonekana kupoteza kumbukumbu zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwapa vitamini hizo kwa miaka 2 wazee walioanza kusahau. Kusinyaa kwa ubongo kulipungua kwa karibu asilimia 30, na zaidi kwa wenye homosisteini ya juu.

Lakini usikimbilie duka la dawa! Mwaka 2014 tafiti za watu kama 22,000 zilijumlishwa, na vidonge havikuonekana kulinda akili za wazee kwa ujumla. Kinachotibika ni upungufu, kwa hiyo pima kwanza. Tena foleti peke yake inaweza kuficha upungufu wa B12: damu inaonekana nzuri, kumbe mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika.

Mchicha na maharage vina foleti, B12 hazina. B12 iko kwenye maini, dagaa, mayai na maziwa. Na metformini usimwachishe, mwambie daktari ampime.

Mama alianza sindano. Ganzi imepungua, sufuria haziungui tena. Ila majina ya wajukuu wawili bado anayachanganya, na mimi nakumbuka ile miezi tuliyokaa tunacheka.

Wewe usicheke. Mpeleke wiki hii.