Kiongozi wa Thelujini

Wasomaji wetu wengi wameiona theluji kwa mbali, juu ya Kibo au juu ya Kirinyaga, wakiwa wamesimama penye migomba na jua likiwaka. Walioikanyaga kwa miguu yao ni wachache, na walioteleza juu yake kwa mbao ni wachache zaidi. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia habari za siku sita tulizokaa katika milima ya Kirgizistani, mwezi wa Februari mwaka 2024. Hatuandiki ili tujisifu kwa safari. Twaandika kwa sababu tulijifunza huko jambo moja juu ya kazi ya kiongozi, nalo lawafaa hata watu ambao hawataiona theluji maisha yao yote.

Kwanza yatupasa kueleza mchezo wenyewe. Mbao hizo, ambazo watu wa Ulaya huziita ski, ni nyembamba, na urefu wake hukaribia kimo cha mtu, na ncha zake za mbele zimepindwa kuelekea juu. Kila mguu hufungiwa ubao wake, na mikononi mtu hushika fimbo mbili. Watu wengi hutelezea mahali palipotengenezwa, ambapo mashine zimeishindilia theluji, na waya huwachukua tena juu wakiisha kushuka. Lakini wako wanaopenda theluji mpya isiyoguswa, kavu na nyepesi kama unga uliochekechwa. Mtu akishuka ndani yake hasikii kishindo chochote, na vumbi jeupe humrukia hata kifuani. Sisi wawili tulikuwa tumefundisha Kiswahili miaka minne katika Ujerumani, na huko tulijifunza kuteleza majira matatu ya baridi. Rafiki zetu wanne wa huko ndio waliotualika katika safari hii, tukawa wageni sita.

Kirgizistani ni nchi ya katikati ya Asia, mbali na bahari zote, na sehemu kubwa ya nchi hiyo ni milima. Mlolongo wake mkubwa huitwa Tian Shan, maana yake kwa Kichina ni Milima ya Mbinguni. Tulishuka katika ndege penye mji mkuu, Bishkek, tukaenda kwa gari upande wa mashariki karibu kilometa 400, hata mji wa Karakol. Sehemu kubwa ya njia hiyo yafuata ziwa liitwalo Issyk-Kul. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 180 hivi, na kina chake kikubwa ni meta 668. Liko juu ya usawa wa bahari meta 1,600, lakini halishikwi na barafu wakati wa baridi, na maji yake yana chumvi kidogo. Ndiyo maana wenyeji waliliita Ziwa la Moto.

Ziwa hilo ndilo mama wa theluji tuliyoifuata. Pepo zitokazo magharibi hupita juu ya maji yasiyoganda, zikachukua unyevu. Zikifika mashariki hukuta milima imesimama mbele yake kama ukuta, zikapanda, zikapoa, zikautua mzigo wao. Kwa hiyo mwisho wa magharibi wa ziwa ni nchi kavu yenye majani haba, na mwisho wa mashariki una misitu na theluji nyingi. Tofauti hiyo tuliiona kwa macho yetu katika safari ya siku moja.

Toka Karakol tuliendelea mashariki tena, karibu kilometa 60, tukafika kijiji kiitwacho Jyrgalan. Hapo zamani kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Dola ya Kisovieti ilipokwisha mwaka 1991, kazi ya machimbo ilipungua sana, na watu wengi walihama. Miaka ya baadaye baadhi ya waliobaki walianza kuwapokea wageni nyumbani mwao: wakati wa joto watembea kwa miguu na wapanda farasi, wakati wa baridi watu wa mbao kama sisi.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mtoto wa mchimba makaa. Wadogo wote wa kijiji walimwita baike, neno lao la kumheshimu kaka au mwanamume aliyewazidi umri, nasi tukamwita vivyo hivyo. Tulilala nyumbani kwake, na mke wake ndiye aliyetupikia. Alijua Kikirgizi na Kirusi, na mwenzetu mmoja aliyejua Kirusi akawa mkalimani. Lakini sisi walimu tulifurahi kugundua kwamba hatukuwa wageni kabisa wa lugha yake, maana kitabu wao huita kitep, saa huita saat, na dunia huita düynö. Maneno hayo yalitoka Uarabuni, mengine yakaenda kaskazini mpaka milimani, mengine yakashuka kwetu pwani. Usiku wa kwanza tuliandaliwa wali na nyama na karoti, wenyewe wakauita paloo. Hatukuhitaji mkalimani kutuambia kuwa huyo ni ndugu yake pilau.

Katika kijiji hicho hapakuwa na waya wa kutupandisha. Tulipanda kwa miguu yetu. Chini ya kila ubao tulibandika kitambaa kirefu chenye manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma. Ubao ukisukumwa mbele manyoya hulala, nao huteleza. Ukitaka kurudi nyuma manyoya husimama na kuushika. Wazee wa milima ya Altai, iliyo kaskazini zaidi, walifanya hivyo tangu kale kwa ngozi ya farasi, nao walikwenda kuwinda kwa mbao hizo. Kupanda kulikuwa kwa saa tatu au nne, na kushuka hakukuzidi nusu saa. Hata hivyo hatukusikia mtu akinung’unikia hesabu hiyo. Siku mbili za kwanza tulishuka kati ya misunobari mirefu, na furaha yake hatuwezi kuieleza vizuri. Labda mtoto aliyetelezea majani ya mgomba kilimani baada ya mvua anaijua nusu yake.

Walakini theluji ina hatari yake. Ikiwa nyingi juu ya mteremko mkali, yaweza kukatika ghafula na kuporomoka yote pamoja. Katika nchi hiyo hiyo, upande wa kusini, uko mlima uitwao kwa jina la Lenin, wenye meta 7,134. Tarehe 13 Julai mwaka 1990 tetemeko la ardhi liliangusha theluji na barafu juu ya kambi ya wapanda milima, wakafa watu 43. Lakini si lazima nchi itetemeke. Aghalabu mtu anayezikwa na theluji, yeye mwenyewe au mwenzake ndiye aliyeikata kwa uzito wake.

Sababu yake ni hii. Theluji ya kwanza ya mwaka huwa haba, na baridi kali huigeuza chembe chembe kubwa kama sukari, zisizoshikana. Baadaye theluji nyingine huanguka juu yake, upepo ukaifunga ikawa kama ubao mzito. Basi kile kipande kizito kimelala juu ya sukari. Mwenye kukitazama kwa juu haoni ila weupe na uzuri. Kwa hiyo kila mmoja wetu alivaa kifuani chombo kidogo cha redio chenye kutoa ishara, ili akizikwa wenziwe wamtafute. Na mgongoni alichukua koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Mtu akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza kuna tumaini kubwa. Ikipita nusu saa, wengi huwa wamekwisha kukata roho. Baike alitufanyisha mazoezi ya kutafutana kabla hajaturuhusu kupanda hata hatua moja.

Usiku wa pili theluji ilianza kuanguka, ikaanguka siku ya tatu yote na usiku wake. Siku ya nne kulikucha kweupe, anga la samawati, wala upepo hapana. Juu ya kijiji upo mteremko mpana usio na mti, na picha ya mteremko huo ndiyo iliyowavuta rafiki zetu kutoka Ujerumani. Tulipanda saa nne tukafika ukingoni mwake. Ulilala mbele yetu bila alama ya mguu, wa mtu wala wa mnyama.

Baike hakusema neno. Alikwenda kando, mahali ambapo mteremko si mkali, akachimba shimo mpaka ardhini, akakata nguzo ya theluji yenye upana wa koleo. Akaliweka koleo juu yake, akaanza kulipiga kwa mkono: mara kumi kwa nguvu za kiganja, kisha kwa nguvu za mkono toka kiwiko. Lilipofika pigo la kumi na mbili, nguzo ilikatika chini, ikateleza nzima kama droo ya meza inavyovutwa. Alichota chembe za chini akatumiminia viganjani. Zilikuwa sukari tupu. Akatuambia, “Leo tunarudi msituni.”

Hapo palitokea maneno. Mwenzetu mmoja alisema kwamba amelipa fedha nyingi, amesafiri siku mbili, na siku zilizobaki ni mbili tu. Akasema tena kwamba tungeweza kushuka mmoja mmoja, wengine wakingoja. Tusiwafiche wasomaji: hata sisi tuliutazama mteremko ule kwa tamaa. Mkalimani akayafasiri maneno yote. Baike alisikiliza hata mwisho, akajibu kwa upole: “Nyumbani wamehesabu sahani saba.” Kisha akageuza mbao zake akatangulia. Tulimfuata sote, na yule mwenzetu akafuata wa mwisho, amenyamaza.

Labda msomaji angoja tumwambie kwamba jioni ile mteremko uliporomoka kwa kishindo, kiongozi akaonekana mkweli na mnung’unikaji akaaibika. Haikuwa hivyo. Mteremko haukuporomoka siku ile, wala siku iliyofuata, wala siku tuliyoondoka. Tulipokuwa tukifunga mizigo ulikuwa pale pale, mweupe, mtulivu, kana kwamba watucheka. Yule mwenzetu akautazama akasema, “Mnaona? Tungeweza.” Wakati wa kuagana wengine walimpa baike bakshishi, yeye hakumpa kitu. Baike alimshika mkono kama alivyotushika sisi, akamfungia mkate wa njiani kama alivyotufungia sisi.

Jambo hili lilitushughulisha sana katika njia ya kurudi. Daktari akimponya mgonjwa, watu humwona mgonjwa akitembea. Fundi akijenga, nyumba yaonekana. Lakini mtu azuiaye msiba, aonyeshe nini? Msiba uliozuiwa hauna umbo. Kiongozi yule akituruhusu, nasi tukashuka salama, angesifiwa na kulipwa zaidi. Akituzuia, hasara yake yaonekana papo hapo, na faida yake haionekani hata milele. Naye si tajiri. Katika kijiji kilichopoteza kazi ya machimbo, bakshishi ya mgeni mmoja si kitu kidogo, na neno baya la mgeni mmoja laweza kuwafukuza wageni kumi. Aliyajua hayo yote alipotuambia turudi.

Usiku mmoja tulimwuliza alijifunza wapi kuisikiliza theluji. Akasema alijifunza kwanza kwa baba yake, ambaye hakupenda mbao wala mchezo wowote. Baba yake alimwambia kwamba chini ya ardhi magogo yanayoshikilia dari hulia kabla hayajavunjika. Na mchimbaji mwenye akili hutoka nje asikiapo mlio, hata kama mara tisa katika kumi dari halianguki. Mchimbaji asiyetoka hupata makaa mengi kuliko wenziwe, mpaka siku ile ya kumi.

Tulipofika kwetu tuliwakumbuka watu wa namna hiyo ambao tumeishi nao. Yuko nahodha atazamaye wingu akakataa kung’oa nanga, na abiria wakamtukana kwa kuwa siku ile bahari ilikuwa shwari. Yuko mzee wa kivukoni akatazaye watu kuvuka mto wakati wa masika, na kijana mmoja akavuka akafika ng’ambo akimcheka. Yuko mama akatazaye watoto kunywa maji yasiyochemshwa, na jirani zake hunywa wala hawaugui juma hilo. Watu hawa wote hudaiwa ushahidi wasioweza kuutoa. Kijana aliyevuka mto salama hakuthibitisha kwamba mzee ni mwongo. Alithibitisha tu kwamba siku ile mto haukumtaka.

Basi, ndugu wasomaji, hatusemi kwamba kila akatazaye ana haki. Wako wakatazao kwa woga, na wengine kwa kupenda kutawala tu. Lakini ipo njia ya kuwapambanua. Baike hakusema, “Nyamazeni, mimi ndimi kiongozi.” Alichimba shimo mbele ya macho yetu, akatutilia sukari ile mikononi, tukaishika wenyewe. Tena katazo lake lilimgharimu yeye kabla halijatugharimu sisi. Mtu akikuonyesha sababu ya katazo lake, na katazo hilo likampunguzia yeye riziki, msikilize, wala usimdai ushahidi wa msiba usiotokea. Na ukifika nyumbani jioni ukaikuta sahani yako mezani, ujue kwamba huo ndio ushahidi wenyewe, nawe umpe mtu huyo ujira wake kamili.