Sampuli 192,000 kwa Sekunde: Nani Anazisikia?

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata, tuzungumzie sauti. Kuna imani imeenea kati ya vijana wanaorekodi muziki nyumbani, kwamba usiporekodi kwa sampuli 192,000 kwa sekunde wewe si prodyuza. Imani hii inawamaliza watu pesa.

Chukua kwaya ya mtaani kwetu. Wanataka kufanya harambee ya laptopu mpya kwa sababu ile waliyo nayo hukwama wakirekodi maikrofoni 8 kwa pamoja. Kijana wao wa mitambo alipokuja kwangu nilimwuliza, "Mmeweka sampuli ngapi?" Akajibu, "192,000, kaka. Si ndiyo ya kitaalamu?"

Hebu tupige hesabu. Tarakilishi hupima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo ni sampuli. Harry Nyquist mwaka wa 1928, na Claude Shannon mwaka wa 1949, walituachia kanuni hii: ukipima zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo, unaweza kulirudisha wimbi lote. Sikio zuri la binadamu huishia kama hezi 20,000, kwa hivyo 40,000 na ushee zinatosha. CD zilipoingia sokoni mwaka wa 1982 zilitumia 44,100. Nambari hiyo ilitokana na kanda za video zilizohifadhi sauti ya dijitali: mistari 294, mara 50 kwa sekunde, sampuli 3 kila mstari. Video zikazoea 48,000.

Wengi hufikiri sampuli nyingi hulainisha wimbi, kama picha yenye nukta nyingi. Sivyo. Ndani ya mpaka ule, wimbi hurudi likiwa laini. Ukiongeza sampuli unaongeza masafa ya juu tu, yale anayoyasikia popo.

Lakini ujanja upo mahali pengine. Nilipokuwa nikiandika plagini ndogo ya distoshoni, niliilisha mlio mmoja wa hezi 15,000 katika mradi wa 48,000. Distoshoni ya aina hiyo huzaa mlio mwingine mara tatu yake, yaani 45,000. Mpaka wa mradi huo ni 24,000, kwa hivyo mlio huo mpya hauna pa kukaa. Hujikunja na kurudi chini: 48,000 toa 45,000, unapata 3,000. Na hezi 3,000 hata nyanya yako anazisikia! Ni mlio mgeni usiopatana na wimbo, na ukishaingia huwezi kuuchuja peke yake.

Dawa yake ni kuzidisha sampuli ndani ya plagini tu. Ukizidisha mara 4, plagini hufanya kazi kwa 192,000, mlio wa 45,000 unapata nafasi yake, kisha kichujio kinauondoa kabla ya kurudi 48,000. Gharama ni kazi zaidi kwa prosesa na kuchelewa kidogo kwa sauti. Basi iwashe kwenye distoshoni na kompresa kali, hasa unapotoa wimbo wa mwisho. Kupandisha na kushusha sauti hakuzai masafa mapya, kwa hivyo hapo huihitaji.

Turudi kwa ile kwaya. Maikrofoni 8 kwa saa moja, biti 24, sampuli 48,000: gigabaiti 4.1 hivi. Kwa 192,000: gigabaiti 16.6. Mashine inabebeshwa mzigo mara nne, na hakuna muumini atakayesikia tofauti.

Nilimshauri kijana arekodi kwa 48,000, azidishe sampuli pale tu penye distoshoni, na fedha za harambee zinunue mapazia mazito. Ukumbi wao ni wa mabati na kuta tupu, na mwangwi wake ni adui mkubwa kuliko nambari yoyote. Kamati bado inajadili. Baadhi ya wazee wanaona laptopu inapendeza zaidi kuonyesha wafadhili.

Wewe unayerekodi chumbani, usingoje kamati. Badilisha nambari leo, usikilize. Masikio yako ndiyo mwamuzi. Haya, tuonane wakati mwingine.