Begi la Nyuma ya Mlango

Sisi mabinti watatu tulizaliwa tukalikuta begi la baba limetundikwa nyuma ya mlango wa ukumbi. Ni la turubai, rangi yake imekwisha, nalo lilikuwa likishushwa mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za masika, baba na wenzake watatu aliosoma nao chuo cha Kurani walipokwenda kuupanda Mlima Kenya.

Majirani walicheka. Mtu wa Mombasa, aliyelelewa kwa kikoi na upepo wa baharini, ana haja gani na barafu? Baba ni mhandisi wa madaraja, basi alijibu kwa hesabu. Alitwambia kwamba katika kilele cha Lenana, mita 4,985, hewa huzidi kidogo tu nusu ya ile ya ufuoni. Na kwamba kwenye kambi ya Mackinder, mita 4,200, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, ndiyo sababu maharagwe hayaivi hata uyakeshee. Wao walikula tende, mkate wa mayai wa mama, na chai ya tangawizi. Sisi tulipenda zaidi kusikia habari za swala: jinsi walivyotayamamu mara moja mafuta ya jiko yalipokwisha na maji yote yamekuwa barafu, wakasimama safu moja kuelekea kaskazini, meno yakigongana, huku Batian na Nelion vikianza kupambazuka juu yao.

Mama hakumkataza hata mara moja. Usiku wa kilele hakulala tu.

Kisha ukaja mwaka ambao baba alirudi mapema, naye hakusimulia neno. Tulipata habari kidogo kidogo. Waliondoka Mackinder saa nane za usiku. Walipokaribia kibanda cha Austria, ambapo kilele si mbali tena, ami mmoja alianza kupepesuka kama mlevi, astaghfirullah, na alipoulizwa jina la mwanawe wa kwanza akataja la marehemu babake. Baba alijua maana yake: ubongo wavimba kwa uhaba wa hewa, na dawa ya kwanza ni kushuka, saa ile ile. Ami akakataa. Akasema baba amechoka na anatafuta kisingizio. Wakamshusha kwa nguvu, huku na huku wamemshika mabega, na kulipokucha, wakiwa bondeni, akili zikamrudia. Hakukumbuka kupepesuka. Alikumbuka kuburutwa.

Mwaka mzima hakukanyaga kwetu. Walipokutana msikitini walipeana salamu ya faradhi, basi. Na sisi, tukiri, tulifurahi, kwani begi lilibaki mahali pake na mama akalala usingizi. Furaha hiyo iliisha usiku tuliposikia kishindo ngazini, tukachungulia, tukamwona baba amejitwika begi lililojaa vitabu, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka, peke yake gizani. Alikuwa na miaka 61.

Mama naye alimwona. Kesho yake alivaa buibui, akabeba sinia ya pilau, akaenda kwa mkewe ami. Alikaa huko hadi Magharibi. Kumbe yule bibi hakuwa ameambiwa chochote ila kwamba mumewe alidhulumiwa kilele chake. Alipoelezwa habari ya jina la mwanawe, alilia mpaka chai ikapoa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, ami alibisha hodi. Hakuomba msamaha, wala baba hakumngojea aombe. Alisema tu, "Mhandisi, fimbo yangu ingali kwako." Baba akaenda kuileta, akakawia sana huko chumbani.

Mwaka huu wanakwenda tena, inshallah, na sisi wawili wakubwa tutafuatana nao. Mdogo ana mitihani na amenuna. Mama ametoa sharti moja, nao wazee wote wanne wamelikubali mbele yake: atakayesema turudi, asiulizwe mara ya pili. Ami ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia. Begi limeshashushwa, tangawizi imeanikwa juu ya dari, na mama anatupima miguu kwa uzi ili atufumie soksi za sufi, jambo ambalo hapa Mombasa halina fundi mwingine.