Kutembezwa Nyangwe

Dar es Salaam, ukimwambia daktari kichwa kimeuma miezi mitatu na mkono unatetemeka, huenda ukatoka na karatasi ya kupigwa picha ya kichwa kabla hujaambiwa simama, tembea. Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba nchini Kongo, mashine ya picha hiyo haipo. Mgonjwa hutembezwa.

Nilimwona muuguzi wa kituo akianza na shingo ya mgonjwa mmoja: alipapasa tezi za nyuma akitafuta malale, kama walivyofanya Dutton na Todd, madaktari wa Liverpool waliopita Kongo. Dutton alifia Kasongo, Februari 1905, kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Tezi hizo hizo baadaye ziliwapeleka watu lazareti, kambi za kuwatenga wagonjwa, kwa amri ya wakoloni, kwa hiyo sishangai wazee wakisita kushikwa shingo.

"Papa, funga macho, gusa pua." Kidole kikatua shavuni. Muuguzi akaminya muundi kwa dole gumba. Kimya. Alipokwisha kuachia ndipo mgonjwa akashtuka kwa maumivu. Kérandel, daktari Mfaransa aliyeugua malale mwenyewe, aliieleza dalili hii ya maumivu yanayochelewa. Halafu muuguzi akamgeukia mke: "Mama, mchana analala? Na usiku?" Mke alieleza kirefu, hadi ugomvi usio na sababu na majirani. Kwangu swali hilo linaishinda nyundo ya mpira.

Kwetu Tanzania malale ni ya aina nyingine: humwangusha mtu kwa wiki chache, na vimelea huonekana kirahisi kwenye damu. Ya huku Kongo huweza kukaa miaka, ikiingia ubongoni polepole. Zamani kila mgonjwa alichomwa sindano ya mgongo ili ijulikane imefika wapi, na ikiwa imefika ubongoni alipewa melarsoproli, dawa yenye aseniki iliyoua takriban mmoja kati ya 20. Fexinidazole iliidhinishwa Kongo 2018: vidonge, siku 10. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 uliruhusu asiye na dalili kali aanze bila sindano. Kwa hiyo mizani sasa iko machoni na mikononi mwa mpimaji. Akipitwa na mkanganyiko wa akili, mgonjwa atapewa dawa isiyomtosha.

Kipimo cha haraka cha damu kilikuwa kimeshaonyesha alama ya malale. Muuguzi akaandika rufaa ya Kasongo, akaeleza kwamba vidonge, wakimpa, humezwa baada ya kula.

"Na chakula cha siku zote hizo," mke akauliza, "nani atatoa?"