Umeme Ukirudi, Kazi Irudi

Ushuhuda huu nautoa kwa kila anayepata riziki yake kwa kompyuta kwenye mwambao wetu, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini.

Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara hesabu: wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wenye nyumba za wageni, wauza dagaa wa jumla. Vitabu vyao vyote vimo kwenye kompyuta moja ya mezani, ofisini kwangu Bagamoyo. Mwishoni mwa 2023, nchi ikiwa kwenye mgao wa umeme, mama yangu mzazi alilazwa Muhimbili. Sina ndugu wa kupokezana naye. Nikahamia Dar es Salaam kumuuguza, na usiku akishalala naifikia ile kompyuta kwa intaneti kupitia laptop.

Umeme kukatika nilikuzoea. Kilichonitesa ni kurudi kwake. Ruta ikiwaka, taa ya barazani ikiwaka, kompyuta inabaki imezima mpaka mtu abonyeze kitufe, na ufunguo wa ofisi ninao mimi. Ritani za VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na faini haiulizi nani ana mgonjwa. Basi namwacha mama kitandani, napanda daladala Makumbusho, mwendo wa kilomita zipatazo 65, nabonyeza kitufe na kugeuza. Mteja mmoja alichoka kusubiri, akachukua vitabu vyake. Usiku ule nililia.

Faraja yangu ilikuja kwa kijana mmoja, fundi kompyuta wa hapa Bagamoyo mjini.

“Shikamoo mama. Mashine yako nzima, ila haijaambiwa ifanye nini umeme ukirudi.”

Aliiwasha huku akigonga F2, ikafunguka BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows. Sehemu ya umeme ilikuwa na mstari ulioandikwa AC Recovery. Kwenye HP huitwa After Power Loss. Machaguo ni matatu: ibaki imezima, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Akachagua iwake. Nikamuuliza kwa nini asichukue lile la tatu.

“Ukija kuweka UPS, mama, nayo ikaizima kompyuta kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha, mashine itakumbuka kwamba ilizimwa. Itabaki vilevile.”

Akabadilisha kibetri cha CR2032 kinachotunza mipangilio hiyo, kwa kuwa cha zamani kilikuwa kimechoka. Akaipanga programu ya hesabu ianze yenyewe. Mwisho akachomeka fridge guard, ili umeme unaporudi kwa kishindo usubirishwe kwanza hadi utulie.

Tukazima swichi ya ukutani, tukaiwasha tena. Zikapita dakika kimya. Kisha feni ya ndani ikanguruma, nembo ya Windows ikatokea kiooni, na hakuna aliyeigusa. Nikasema Alhamdulillah.

Tangu hapo umeme ulikatika na kurudi, nami sikuondoka pembeni ya mama. Ritani zilikwenda kwa wakati. Mama alipona, leo yuko nyumbani. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, ulianza kuingiza umeme kwenye gridi, na mgao ukapungua makali. Hata hivyo upepo bado huangusha nguzo, na mpangilio ule sijauondoa.

Ndugu yangu mwenye ofisi, steshenari au duka la dawa, leo kabla hujafunga hifadhi kazi zako, zima kompyuta yako ya mezani, zima swichi ya ukutani, subiri kidogo, kisha washa swichi. Isipowaka yenyewe, mwite fundi aifungue BIOS. Mpangilio huo umo tayari ndani ya kompyuta nyingi za mezani, haununuliwi. Usingoje mpaka uwe na mgonjwa.